Kukua katika tabia ya kimungu: mwongozo kamili kwa aliyechoka kuahidi na kuanguka

Kuna sala niliyoisali miaka mingi: "Bwana, nifanye niwe mtu mwema zaidi." Niliisali kwa machozi, hasa usiku wa kuamkia mwaka mpya, na kila mara niliinuka magotini nikiwa nimejaa nia njema. Wiki tatu baadaye nilikuwa yule yule: mpole kanisani, mkali nyumbani. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba sala ile ilikuwa pana mno hata sikuweza kuitii. Kama Mungu angeniuliza, "Haya, tuanzie wapi?" nisingekuwa na jibu.

Nakuandikia wewe uliyefika hapo. Umeokoka, unampenda Bwana, hukosi ibada, lakini kuna jambo ndani yako linalokushinda na watu wako wa karibu wanalijua. Ushauri wangu ni mmoja, na hatua zote zilizo hapa chini zinauhudumia huo: usipambane na tabia yako yote kwa mkupuo. Chukua jambo moja, livue, vaa kinyume chake, na ukae nalo mbele za Mungu mpaka lilegee.

Kabla ya hatua yoyote: nani anafanya kazi?

Nimewaona Wakristo wakipotea hapa kwa njia mbili. Mmoja husema, "Mungu atanibadilisha kwa wakati wake," kisha hafanyi lolote. Mwingine hukaza meno, hujiwekea masharti, akifaulu anajivuna na akishindwa anakata tamaa. Paulo, katika Wafilipi 2:12-13, anaviunganisha vitu ambavyo sisi tunavitenganisha: utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, *kwa maana* Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu. Petro naye anakwenda njia hiyo hiyo. Kwanza anasema uweza wa Mungu umekwisha kutukirimia vyote vipasavyo uzima na utauwa, yaani uchaji wa Mungu (2 Petro 1:3), na mistari miwili mbele anasema kwa sababu hiyo hiyo tujitahidi sana: katika imani tutie wema, katika wema maarifa, kisha kiasi (yaani kujitawala), saburi, utauwa, upendano wa ndugu, na upendo. Tunajitahidi kwa sababu tumepewa.

Jambo la pili la kuweka sawa ni tofauti ya karama na tunda. Karama hugawiwa, huyu hiki na yule kile. Lakini Wagalatia 5:22-23 inataja *tunda* la Roho, kwa umoja, ingawa mstari wa 19 umetaja *matendo* ya mwili, kwa wingi. Upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi ni tunda moja lenye sura tisa. Huwezi kusema, "Mimi nimejaliwa imani, upole waachie wengine." Wala huduma yenye nguvu haithibitishi tabia njema. Kanisa la Korintho halikupungukiwa karama yoyote (1 Wakorintho 1:7), na barua hiyo hiyo inawakemea kwa fitina, husuda na kushtakiana mahakamani. Ukiwa na karama inayoonekana, soma mwongozo huu kwa makini kuliko mwenzako asiye nayo, maana watu watakusifu kabla hujakomaa.

Hatua ya 1: Jichunguze wiki nzima bila kujirekebisha

Chukua daftari dogo, lisiwe la kuonyesha watu. Anza na Zaburi 139:23-24, ukimwomba Mungu akuchunguze yeye, kwa sababu jicho letu lina upendeleo. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo umeizoea.

Kwa siku saba, kila unapoona umekosea kwa neno, tendo au mawazo, andika mistari mitatu:

- Nini kilitokea?
- Nilifanya au nilisema nini?
- Nilikuwa nataka nini, au naogopa nini, wakati ule?

Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Yesu alisema kinywa hunena yale yaujazayo moyo (Luka 6:45), kwa hiyo ukiandika maneno tu bila kutaja kilichoujaza moyo utabaki unapogoa matawi. Angalia zaidi nyakati ambazo ulinzi wako uko chini: ukiwa umechoka, ukiwa na njaa, ukiwa peke yako, ukisahihishwa mbele ya watu, au mwenzako akisifiwa wewe ukiwa umesimama pale.

Wiki ikiisha, mwendee mtu mmoja anayeishi na wewe au anayefanya kazi karibu nawe, umuulize: "Ni jambo gani langu linakuumiza mara kwa mara?" Kisha nyamaza. Usijieleze, usimkumbushe ya kwake. Sema asante. Mimi nilimuuliza mke wangu. Nilitarajia ataje ukali wangu, maana ndio niliokuwa nimeuandika daftari zima. Akasema, "Huwa hunisikilizi. Unangoja nimalize ili ujibu." Sikulala mapema usiku ule, kwa sababu nilikuwa nimezunguka jambo hilo miaka yote bila kuliita kwa jina.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja na uchimbe mzizi wake

Daftari litakuwa na mambo mengi. Usichague linalokuaibisha zaidi. Chagua linalowaumiza wengine zaidi. Mara nyingi hayo mawili si kitu kimoja.

Liandike kwa wembamba. "Hasira" ni pana. "Nawafokea wa nyumbani jioni nikirudi nimechoka, kwa sababu nataka nisiulizwe kitu" hiyo ni sentensi unayoweza kuifanyia kazi kesho. Sehemu ya kwanza inataja tunda baya, ya pili inataja mzizi.

Mzizi ni muhimu kwa sababu hurudi na nguo nyingine. Mtazame Petro. Usiku ule uani kwa kuhani mkuu alimkana Bwana mara tatu kwa kuwaogopa watu. Akatubu, akarejeshwa, akahubiri siku ya Pentekoste bila woga. Lakini miaka kadhaa baadaye, huko Antiokia, alijitenga na Wakristo wa Mataifa asile nao, kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, hata Paulo akampinga waziwazi (Wagalatia 2:11-14). Safari hii hakumkana Yesu kwa maneno, ila hofu ya watu ilikuwa ile ile. Ukijua mzizi wako, utautambua hata ukija umevaa kanzu.

Hatua ya 3: Tubu, kisha tengeneza ulichoharibu

Majuto huuma na kupita. Toba hugeuka na kwenda upande mwingine. Mithali 28:13 inaahidi rehema kwa anayeziungama dhambi zake *na kuziacha*. Muungamie Mungu jambo lenyewe kama ulivyoliandika, pamoja na mzizi, badala ya "nisamehe dhambi zangu zote" tuliyoizoea.

Halafu nenda kwa uliyemkosea. Yesu aliliweka jambo hili mbele hata ya sadaka: iache mbele ya madhabahu, nenda ukapatane kwanza (Mathayo 5:23-24). Unapoomba msamaha, taja kosa kwa jina. Usiseme "kama nimekukosea", unajua umekosea. Usiongeze "lakini". Muulize unaweza kutengeneza nini, na usimdai akusamehe papo hapo. Na kama ulichukua kitu, kirudishe. Zakayo, mtoza ushuru, hakuishia kwenye kuguswa moyo. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu (Luka 19:8).

Nisisitize jambo hapa. Kama dhambi yako imehusisha kupiga, kunyanyasa au uhalifu, toba ya faraghani haitoshi. Aliyeumizwa anahitaji usalama na wewe unahitaji kuwajibika mbele ya wanaohusika. Na kama wewe ndiye unayeumizwa, usichukue maneno kama saburi na upole yakawa kamba ya kukufunga mahali pa hatari. Tafuta msaada na utoke. Upole wa Kristo haukuwahi kumlinda mdhalimu.

Hatua ya 4: Vua, geuza nia, vaa

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na hapa ndipo wengi tunafanya theluthi moja tu. Waefeso 4:22-24 inataja mambo matatu: kuvua utu wa kale, kufanywa wapya katika roho ya nia, na kuvaa utu mpya. Sisi tunavua tu. Tunasema, "Naacha," kisha tunabaki uchi, na asubuhi baridi ikija tunaokota nguo ile ile.

Soma namna Paulo anavyoendelea. Uongo unavuliwa, kweli inavaliwa, na nia yake ni kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja (4:25). Kisha anakuja mwizi katika mstari wa 28: asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake, ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Ningependa ukae kidogo na mstari huu. Mwizi asiyeiba kwa sababu hajapata nafasi bado ni mwizi. Hata mwizi aliyepata kazi hajafika. Badiliko lake limekamilika mkono uliokuwa unachukua unapokuwa umejifunza kutoa. Kwa hiyo ukitaka kujua utu mpya wako una sura gani, usiulize "niache nini?" Uliza: "Kinyume kabisa cha jambo hili, kikiwa na upendo ndani yake, kingekuwa tendo gani?"

Jaribu kwa jambo lako. Nitatoa mifano ninayoiona mara nyingi.

*Kutosikiliza na kufoka.* Yakobo 1:19 ina mpangilio: kusikia kwanza, kusema baadaye, hasira mwisho kabisa. Vua kukatiza maneno. Vaa kurudia alichosema mwenzako kabla hujajibu: "Unasema kwamba uliachwa peke yako na kazi yote, sivyo?" Kama hasira hukukuta mlangoni, simama nje dakika moja, umkabidhi Mungu uchovu wako, ndipo uingie. Nia ya kubadilisha ni ile dhana kwamba una haki ya kutosumbuliwa.

*Uongo mdogo mdogo.* Ule wa kusema "niko njiani" nawe hujatoka kitandani. Kuuvua peke yake ni kugumu kwa sababu hutoka kabla hujafikiri. Vaa desturi hii: ukigundua umedanganya, sahihisha ndani ya saa hiyo hiyo, kwa mtu yule yule. "Nilichokuambia si kweli. Ukweli ni huu." Ukifanya hivyo mara tano, ulimi utaanza kusita wenyewe.

*Wivu.* Mwombee kwa jina yule unayemwonea wivu, ukimtakia mafanikio katika kitu kile kile kinachokuuma. Kisha tafuta jambo la kweli ulilolipenda kwake, ulisifu mbele ya watu. Mwanzoni utaliona tendo hilo limekauka. Lifanye hivyo hivyo, moyo hufuata.

*Kusengenya.* Kabla ya kumtaja asiyekuwepo, jiulize kama umekwisha kusema naye. Ukimsikia mwingine akisengenya, uliza, "Umemwambia mwenyewe? Twende pamoja ukitaka." Mazungumzo huisha hapo, au hugeuka kuwa upatanisho.

*Tamaa kwenye simu.* Yesu alizungumzia kukata na kutupa (Mathayo 5:29-30), na Warumi 13:14 inatuambia tusiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake. Simu isilale chumbani. Mtu mwingine aijue siri ya kuifungua. Lakini kumbuka kuvaa: saa zile unazoanguka huwa saa za upweke au uchungu, kwa hiyo zijaze na kampuni ya watu, wito wa simu kwa ndugu, kazi ya mikono. Kukata bila kujaza hakudumu.

Kwa kugeuza nia, chagua mstari mmoja wa Biblia unaogusa mzizi, si ishirini. Uandike kwa mkono, uujue kwa moyo, na useme kwa sauti ya chini pale pale jambo linapoanza. Neno lililohifadhiwa kwa ajili ya saa ya majaribu lina kazi kuliko sura kumi zilizosomwa kwa haraka ili kumaliza ratiba.

Hatua ya 5: Weka ratiba ndogo

Paulo anamwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa (1 Timotheo 4:7), na neno alilolitumia ni la wanamichezo wanaofanya mazoezi. Danieli hakuanza kusali amri ya mfalme ya kukataza sala ilipotoka. Alisali mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu hapo (Danieli 6:10). Siku ya mtihani ilimkuta na mazoea.

Asubuhi, dakika 15 zinatosha kuanzia: soma kifungu kifupi kutoka Injili ukimtazama Yesu alivyowatendea watu, omba kuhusu jambo lako moja, na utabiri ni saa ngapi leo utajaribiwa. Mchana, sentensi moja ya sala. Jioni, pitia siku. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti aliyeishi 1491 hadi 1556, alifundisha namna ya kujichunguza juu ya kosa moja tu: kuweka nukta kwenye mstari wa siku kwa kila anguko, kisha kulinganisha siku na siku, wiki na wiki. Nimeitumia. Faida yake ni kwamba huwezi tena kujidanganya, wala kujihukumu kuliko hali ilivyo. Nukta nne ni nne.

Kufunga kunasaidia sana anayehangaika na kiasi. Mgonjwa, mjamzito au mwenye historia ya matatizo ya kula asijilazimishe. Kuna kufunga maneno, skrini au manunuzi.

Hatua ya 6: Tafuta wa kukuuliza

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na nadhani ndiyo sababu ya kwanza watu kuzunguka mlima mmoja miaka kumi. Waebrania 3:13 inataka tuonyane *kila siku*, ili tusifanywe wagumu kwa udanganyifu wa dhambi. Aliyedanganywa hajui kwamba amedanganywa; lazima mwingine amwambie.

Mwezi Desemba 1738 John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, aliandika kanuni za vikundi vidogo vilivyokutana kila wiki kwa msingi wa Yakobo 5:16, yaani kuungamiana dhambi. Maswali yake hayakuwa na mapambo: umetenda dhambi gani unayoijua tangu tulipokutana? Umejaribiwa na nini? Uliokolewaje? Kuna ulilofikiri, kusema au kutenda ambalo huna hakika kama ni dhambi? Huhitaji kikundi. Mtu mmoja anatosha, wa jinsia yako, aliyekomaa kukuzidi au walau sawa nawe, anayetunza siri, na asiyekuogopa. Hilo la mwisho ni zito kwa viongozi. Wengi wao wamezungukwa na watu wasioweza kuwaambia hapana.

Mpe sentensi yako ya Hatua ya 2 neno kwa neno, na mpange siku na saa. "Tutakutana tukipata nafasi" maana yake hamtakutana.

Hatua ya 7: Pokea dhiki kama darasa

Warumi 5:3-4 inasema dhiki huleta saburi, na saburi huleta uthabiti wa moyo, yaani hali ya kitu kilichopimwa kikaonekana ni halisi. Yusufu alikuwa na miaka 17 hadithi yake inapoanza (Mwanzo 37:2), na 30 aliposimama mbele ya Farao (Mwanzo 41:46). Miaka 13 ya utumwa na gereza. Wewe huichagui dhiki na usiitafute, wala usimhubirie mstari huu aliye katikati ya msiba. Ila inapokujia, ongeza swali moja kwenye sala yako ya "niondolee": "Ni lipi katika jambo langu moja unaligusa sasa?"

Ukianguka

Utaanguka. Rudi ndani ya saa hiyo, usingoje Jumapili. 1 Yohana 1:9 inaahidi msamaha kwa anayeungama, na haina muda wa kusubiri ili uonekane umehuzunika vya kutosha. Muulize Bwana na daftari lako: nilikuwa wapi, nilikuwa na hali gani, ni hatua ipi kabla ya anguko ningeweza kugeuka? Tengeneza na mtu uliyemuumiza. Endelea.

Yohana anataja moto wa makaa mara mbili tu katika Injili yake. Wa kwanza ni ule Petro aliokuwa akiota alipomkana Bwana (18:18). Wa pili ni ule aliouwasha Yesu mwenyewe ufukweni, akapika samaki, akamwita Petro ale (21:9). Maswali matatu ya "Wanipenda?" kwa makano matatu, mbele ya harufu ile ile ya makaa, na kila jibu likafuatwa na kazi ya kulisha kondoo. Hivyo ndivyo Bwana anavyowarudisha walioanguka, na ndivyo atakavyokurudisha.

Utajuaje kwamba unakua?

Baada ya miezi mitatu, usitafute ukamilifu. Pima nafasi iliyopo kati ya kosa na kugeuka. Zamani ulikaa wiki kabla ya kuomba msamaha, sasa ni saa moja. Zamani uligundua baada ya kufoka, sasa unagundua katikati ya sentensi, na mara chache kabla hujafungua kinywa. Huko ni kukua kwa kweli. Na uwe na subira: Musa aliyemuua Mmisri kwa hasira alikaa Midiani miaka 40 (Matendo 7:30), baadaye akaitwa mpole kuliko wanadamu wote (Hesabu 12:3), na bado kule Meriba alisema bila kufikiri na kuupiga mwamba (Hesabu 20). Usiuache ulinzi wako eti kwa sababu watu sasa wanakuita mpole.

Jambo likishalegea, rudi kwa yule uliyemuuliza katika Hatua ya 1, umuulize swali lile lile. Mimi nilirudi baada ya miezi minne. Mke wangu alifikiri kidogo, akasema, "Siku hizi unanisikiliza. Ila ukishanisikia, unasahau ulichoniahidi." Nikamshukuru, nikafungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika tarehe.